Kasoro ya Begani

Tuda binti Assu alikuwa na kesi na serikali moja na kijiji kizima, na alikuwa ameiendesha kwa miaka sabini na sita bila wakili. Serikali ilisema baba yake alitoroka jeshini. Kijiji kilisema serikali haiwezi kukosea jambo kama hilo. Tuda alisema wote waongo, na ushahidi wake ulikuwa kitanda cha kufumia kilichosimama chumba cha nyuma tangu kabla hajaota meno.

Karatasi ya jeshi ilikuwa ndani ya kopo la chai. Wasomi watatu walikwisha kumsomea kwa nyakati tofauti, na wote walisoma neno lile lile: askari Assu u-Haddu alitoweka kikosini usiku wa tarehe nne Mei, mwaka 1943, kule Tunisia, na amehesabiwa mtoro. Basi. Wanaume wengine wa milima ya Azru waliokwenda na Wafaransa kupigana na Wajerumani walirudi na nishani, au ilirudi habari ya msiba na watu wakakaa matanga. Kwa Hadda, mama yake Tuda, ilirudi karatasi ile, na hakuna aliyekuja kumpa pole, kwa sababu mke wa mtoro hapewi pole. Hupewa jicho.

Sasa kitanda. Hadda alikuwa amemfumia mumewe jelaba, joho refu lenye kofia, ya kwenda nayo vitani, ya sufu ya kahawia yenye mistari myeusi, na kwenye bega la kushoto akatia kasoro kwa makusudi: uzi mmoja mweupe uliopanda wima na kuikata mistari mitatu. Alisema jelaba za askari zinafanana kama mayai, na yeye hataki kuletewa maiti ya mume wa mtu. Assu alipoondoka, akatandika kitandani nyuzi za mtande wa jelaba ya pili, ya kumvika akirudi. Alifuma mpaka ikabaki shubiri moja, kasoro ikiwa tayari begani. Ndipo karatasi ikafika. Hadda akaacha kufuma hapo hapo.

Na hakuikata. Kwa wanawake wa kule nguo iliyo kitandani ina roho. Siku ya kuikata huzinyunyizia nyuzi maji, kama unavyomlainisha midomo mtu anayekata roho, huitamkia shahada, kisha ndipo makasi hupita. Hadda alisema hawezi kuua nguo ya mtu ambaye hajui kama yu hai au amekufa. Alipokuwa akifa yeye mwenyewe, alimwachia binti yake neno moja tu: usikate mpaka ujue. Tuda akalishika. Kila masika aliipiga jua nguo ile na kuijaza majani ya tumbaku kuwafukuza nondo wanaokula sufu. Mwanawe alilalamika kwamba chumba kizima kimeliwa na nguo moja, akaambiwa kama chumba hakimtoshi ajenge kingine.

Basi ikaja habari kwamba watu wa filamu kutoka Rabat wamepata mkanda wa zamani wa askari wale. Ulikuwa umelala kwenye ghala moja huko ng'ambo, umeparuka na kuota ukungu, nao wameuosha na kuutengeneza mpaka unaonekana kama wa jana. Kabla ya kuumaliza walitaka uonyeshwe kwa familia, Azru, kwenye ukumbi wa vijana, watu watambue wazee wao. Tuda alishuka na basi la asubuhi, kopo la chai kwapani.

Ukumbini alikuta kiti kimoja tu kimebaki, na kilikuwa kando ya Bennasser. Mkosi haubishi hodi. Bennasser alikuwa jirani yake tangu utoto, baba yake alirudi na nishani mbili, na ndiye aliyewafundisha watoto wenziwe kumwita Tuda kifaranga cha mtoro. Umri ulikuwa umemwondolea meno, ulimi ukabaki.

"Na wewe umekuja?" akamuuliza. "Huyu wako utamwonaje, Tuda? Mtu anayekimbia hutoka kwenye picha."

"Nyamaza uangalie, Bennasser. Baba yako alikuwa mfupi, ukipepesa macho utampita."

Taa zikazimwa. Ukumbi wote ukashusha pumzi. Walikuwa pale, vijana wa miaka ishirini, wakinyoana kwa wembe, wakikanda unga juu ya ngozi ya mbuzi, wakimsukuma nyumbu asiyetaka kuvuka mto. Mmoja alikuwa akishona kiatu na kumcheka anayempiga picha. Wengine walijipanga bega kwa bega wakacheza ngoma ya kwao kwenye tope la nchi ya watu, na wazee mle ukumbini wakaanza kupiga makofi kufuata miguu ile. Majina yakaanza kuitwa gizani: yule ni ami yangu, yule babu, tazama sikio. Baba yake Bennasser alipita amebeba sufuria, na Bennasser, ulimi wote ule, alilia waziwazi.

Tuda hakutazama nyuso. Uso wa baba yake hakuujua. Alitazama mabega, moja baada ya jingine. Kuelekea mwisho nyumbu alipita karibu kabisa na kamera, na juu yake maiti iliyofungwa ndani ya jelaba yake yenyewe, bega la kushoto likiwa juu. Ilichukua kama sekunde nne. Bega lilikuwa safi, halina uzi mweupe.

Taa zikawashwa, watu wakamiminika nje kwenye chai na mkate wa mafuta ya zeituni. Tuda alibaki kitini. Msichana mwenye miwani, aliyekuwa mwenye filamu, akamjia. Jina lake Ghizlan. Akamuuliza kwa adabu kama ametambua mtu. Tuda akamwambia aionyeshe tena ile ya nyumbu. Ghizlan alikuwa amechoka, na wageni walikuwa wakimsubiri, lakini akarudisha. Tuda akataka mara ya tatu, halafu akataka isimame. Akasogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa ukuta.

"Hapa pametiwa kiraka," akasema.

Ghizlan akatabasamu. Akamweleza kwamba hakuna kilichoongezwa, wameondoa uchafu tu.

"Mwanangu, mimi nimefuma tangu nina miaka saba. Tazama uzi huu. Una donge hapa. Hapa chini donge lile lile. Na hapa tena. Sufu inayosokotwa kwa mkono hairudii kosa lake mara tatu kwa mpangilio. Mtu amechukua kipande cha pembeni akakifunika hapa. Mnaficha nini?"

Lile neno la mwisho lilimchoma msichana. Alikuwa ametumia miaka mitatu kwenye mkanda ule, na kama kuna kitu alichojivunia ni kwamba hakudanganya. Akaanza kusema hivyo. Ndipo akakumbuka programu ya kompyuta waliyoitumia kufuta mikwaruzo. Mkwaruzo wa mkanda huwa mstari mweupe uliosimama wima. Programu ikiuona, huuziba kwa kuiga kilicho pembeni yake, na haimuulizi mtu. Wao waliifurahia kwa sababu ilikuwa ikimaliza kwa usiku mmoja kazi ya mwezi.

Akaleta kompyuta yake, akatafuta mkanda ulivyokuwa kabla ya kuoshwa. Picha ilikuja imejaa vumbi na madoa, mvua ya mikwaruzo ikishuka kila upande. Nyumbu akapita humo ndani ya mvua. Begani mwa maiti kulikuwa na mstari mweupe.

"Huenda ni mkwaruzo kweli, bibi," Ghizlan akasema polepole. "Sitaki kukupa matumaini ya uongo."

"Ipeleke kidogo kidogo."

Wakaenda picha moja moja. Mikwaruzo ilibaki pale pale ilipo, wima, haimjali nyumbu. Ule mmoja ulitembea. Nyumbu alipoteleza ukainama naye, sufu ilipojikunja ukajikunja, na popote ulipokwenda ulikata mistari mitatu myeusi, si miwili wala minne. Tuda aliweka kidole kwenye kioo na kukitembeza nao. Hakulia. Alisema jina la mama yake.

Kisha akafungua kopo la chai. Ghizlan akasoma karatasi, akasoma tena, akainuka kwa haraka kwenda kutazama picha ya kasha ulimokuwa mkanda. Juu ya kasha mpiga picha wa jeshi alikuwa ameandika tarehe kwa mkono wake: ishirini na tisa Aprili 1943. Siku tano kabla ya usiku ule ambao Assu u-Haddu alisemekana kutoroka, alikuwa juu ya nyumbu, amekufa, kamera ya jeshi lenyewe ikimtazama.

Nimekwisha kuona watu wakishinda kesi. Wengi hupiga kelele. Tuda aliulizia basi la mwisho linaondoka saa ngapi. Ghizlan ndiye aliyekuwa akijieleza, akiomba radhi, akisema lilikuwa kosa la mashine. Tuda akamkata.

"Mashine haina mama. Wewe unaye. Urudishe uzi wa mama yangu mahali pake."

Ghizlan akamweleza ukweli: akizima ile programu, mikwaruzo yote itarudi na maiti haitaonekana vizuri. Njia nyingine ni kusafisha kwa mkono, picha moja moja, na sekunde nne ni picha tisini na sita, na wenye fedha wanaitaka filamu ndani ya wiki mbili.

"Mama yangu alihesabu nyuzi mia nane kwa nguo moja," Tuda akamjibu. "Tisini na sita huwezi?"

Aliweza. Alirudi Rabat, akawaambia wakubwa wake watasubiri, na wasipotaka kusubiri watafute mwingine. Wakanung'unika, wakasubiri. Alizisafisha zote tisini na sita kwa kalamu ya kompyuta, akiondoa mkwaruzo huu na kuuacha uzi ule, na macho yakamvimba. Kisha akapanda mlimani mwenyewe kuleta picha iliyochapwa kwenye karatasi kubwa, pamoja na barua ya kupeleka jeshini, ikitaja tarehe zote mbili. Tuda aliipitisha barua kijijini mlango kwa mlango, kila mwenye kusoma akaisoma kwa sauti. Kwa Bennasser aliacha nakala mlangoni bila kubisha.

Ijumaa iliyofuata alikaa mbele ya kitanda cha kufumia cha mama yake. Ile shubiri moja iliyobaki ilimchukua kutwa nzima, maana vidole vilikuwa vizee na mtande ulikuwa mzee zaidi. Wanawake wa jirani walijaa chumbani. Wengine walikuwa ni wale wale waliomcheka utotoni, na hakumfukuza hata mmoja, ingawa alimkumbuka kila mmoja kwa alilosema. Ghizlan alikuwa kati yao, ameshika bakuli, hakuleta kamera. Tuda akachovya vidole, akazinyunyizia nyuzi maji kutoka mwanzo mpaka mwisho. Wote wakatamka shahada. Akashika makasi na kukata.

Nguo iliangukia mapajani mwake, nzito kama mtoto aliyelala. Akaikumbatia, na hapo ndipo alipolia, kwa sauti, mwanamke wa miaka sabini na sita anayemlilia baba yake aliyefariki leo.

Mlangoni pakasikika fimbo. Wanaume hawaingii nguo inapokatwa, na Bennasser hakuingia. Alisimama kizingitini amevaa jelaba yake safi ya sikukuu, na kwa mkono wa kushoto alikuwa amebeba fumba la sukari, ile ambayo watu wa kule hupeleka kwa wafiwa.

"Nimekuja msibani," akasema. "Nikae wapi?"

Tuda alipangusa uso kwa pindo la nguo ya baba yake, akamtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyofaa kumtazama mgeni wa msiba.

"Kaa hapo nje, ukutani," akamwambia. "Waambie na wenzako waje. Chai inachemka."