Siri ya Jabali na Mende

Kwenye kila jengo alilofanyia kazi, waashi wenzake walimwita Jabali, na jina likamkaa. Alikuwa na kifua kipana na shingo fupi. Alibeba mifuko miwili ya saruji, mmoja kila bega, akapanda nayo ngazi kama mtu aliyebeba mito ya kulalia. Jukwaa likiyumba ghorofa ya nne na wenzake wakikumbatia nguzo, yeye aliendelea kupiga plasta huku akipiga mluzi. Siku nyoka alipojificha kwenye lundo la mchanga, alimwondoa kwa koleo taratibu, kama anayezoa takataka.

Lakini Jabali alikuwa akiogopa mende.

Si wale wadogo wa kabatini. Hao aliwavumilia, ingawa shingo upande. Aliowaogopa ni wale wakubwa wa kahawia, warefu kama kidole gumba, wanaopanda kutoka kwenye mashimo ya maji machafu joto likizidi. Wana ndevu zinazopapasa hewa kana kwamba zinamtafuta mtu, na ukishadhani umewaweza, hufungua mabawa wakakurukia usoni. Akimwona mmoja tu, akili ilimruka. Hakujua hofu hiyo ilianzia wapi. Alikua nayo kama wengine wanavyokua na kovu.

Aliyejua siri hiyo duniani alikuwa mmoja tu, mke wake, naye aliijua wiki ya kwanza ya ndoa. Jabali alikuwa bafuni asubuhi, amejipaka sabuni mwili mzima, mende akachungulia kutoka kwenye tundu la maji. Bwana harusi alijikuta amesimama uani, taulo mkononi badala ya kiunoni, povu likimtiririka machoni. Mkewe alikuwa akipepeta mchele. Alimtazama, akautazama mlango wa bafu, akaweka ungo chini. Akachukua kandambili, akaingia, akatoka. Kisha akamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama maji yamepoa, amwongezee ya moto.

Hakucheka wala kuuliza swali. Na kwa miaka ishirini na sita hakulisema jambo hilo, si kwa wazazi, si kwa majirani, si kwa binti yao. Mende akitokea mbele ya wageni, mama huyo aliinuka kabla mumewe hajakurupuka, akamwambia, "Mwenzangu, hebu nitazamie mlango wa nje, naona kama kuna mtu anabisha hodi." Jabali alitoka kifua mbele kwenda kumtazama mtu ambaye hakuwepo. Akirudi, mambo yameshakwisha na wageni wanaendelea kula.

Halafu mama yule akafariki. Presha ilimwangusha asubuhi moja akiwa kwenye cherehani, na kufikia jioni alikuwa ameondoka.

Watu walimzika, wakakaa na mfiwa siku kadhaa, wakatawanyika. Nyumba ikabaki na ukimya wake. Mvua za kwanza zilipoyajaza mashimo, mende wakapanda, na hapakuwa tena na mtu wa kumtuma Jabali akatazame mlango. Aliziba tundu la bafu kwa kopo la rangi lililojazwa zege. Akawa anaoga kazini, kwenye mpira wa maji ya kuchanganyia saruji, akidai anaharakisha. Jikoni aliingia mchana tu, tena baada ya kugonga mlango wa nyumba yake mwenyewe ili walioko ndani wajifiche. Alikonda. Watu wakasema ni huzuni, nao hawakukosea. Ila kilichomuuma zaidi hakuweza kumwambia yeyote. Mwanamume aliyefiwa na mke amlilie mende? Alijikaza kisabuni.

Jumapili moja alasiri shemeji yake alikuja, mdogo wa marehemu. Alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia mashuka hospitalini, mwanamke asiyezungusha maneno. Walikuwa wamekubaliana kwamba nguo za dada yake zisiliwe na nondo kabatini wakati kuna watu wa kuzivaa. Jabali hakuwa amelifungua kabati hilo tangu msiba. Alishika kitasa, akavuta pumzi, akavuta mlango.

Mende aliruka moja kwa moja, akatua kifuani mwake, akapenya kwenye uwazi wa shati.

Shemeji mtu alisikia mlio ambao hakudhani ungetoka kwa mtu wa kimo kile. Alipogeuka, vifungo vya shati vilikuwa vikibingirika sakafuni, kiti kimepinduka, na Jabali hayupo. Mende alikuwa kwenye pazia. Akavua kiatu, akammaliza, akamtupa nje, kisha akatoka kumtafuta shemeji yake. Alimkuta barazani amekaa chini, kifua wazi.

Alikaa kando yake. Jabali alitaka kutunga uongo, lakini ulimi ulikuwa umechoka. Akasema yote: bafu, wageni, mlango wa nje, kopo la zege. Akasema kwamba kila mende anayemwona sasa anamkumbusha kuwa mkewe hayupo, na kwamba anaona haya kumlilia kwa sababu ya namna hiyo.

Shemeji alikivaa tena kiatu chake.

"Kwa hiyo ni dada aliyekuwa akiwaua," alisema.

"Wote. Miaka ishirini na sita."

"Shemeji, dada alikuwa hawezi hata kulisikia jina la mende."

Jabali alimgeukia.

Shemeji akamweleza. Walipokuwa wadogo walilala chini kwenye mkeka, na alfajiri moja dada yake, akiwa na miaka minane, aliamka na mende mdomoni. Tangu siku hiyo alilala na soksi na leso usoni hata kwenye joto la kuchemsha ubongo. Akimwona mende alitapika. Kwao walimtania kwamba ataolewa na muuza dawa ya wadudu. Alipochumbiwa na Jabali, mama yao alishukuru akisema angalau binti amepata mwanamume wa kumwondolea mende. Baadaye kila walipomuuliza habari za kwake, yeye alijibu kwamba mende si tatizo tena.

"Sisi tukajua ni wewe," alimalizia shemeji. "Na yeye akatuacha tujue hivyo."

Jabali akakumbuka. Kila baada ya kuua, mkewe alikuwa akienda kunawa hadi kwenye viwiko. Kisha aliketi kwenye cherehani dakika nyingi bila kukanyaga pedali, ameshika kitambaa tu. Siku zote alidhani ni usafi, au anafikiria mishono. Kumbe alikuwa akisubiri moyo wake utulie. Mara ngapi? Alijaribu kuhesabu akashindwa. Na hakuna hata mara moja aliyomwambia leo nenda wewe.

Akalia. Siku ya maziko alilia kama watu wanavyolia, kwa sababu alikuwa amepoteza. Safari hii alilia kwa kugundua jinsi alivyopewa. Shemeji hakumnyamazisha. Jua lilipopungua ukali alisimama, akasema nguo zinawangoja, wakarudi ndani wakazikunja pamoja, moja moja.

Miezi miwili baadaye binti yake alikuja kukaa naye. Alikuwa na mimba ya miezi minane, na nyumba ya baba ilikuwa karibu na hospitali. Mchana mmoja akamwita kutoka jikoni kwa sauti nyembamba. Alikuwa amejibana kwenye kona, mikono miwili juu ya tumbo, na mende yuko ukutani kati yake na mlango.

Miguu ya Jabali ilitaka kwenda barazani. Alikwisha kugeuza kisigino. Ndipo alipomfikiria msichana wa miaka minane aliyelala na leso usoni, akiinuka mbele ya wageni kana kwamba anakwenda kuleta chumvi. Akachukua fagio akaingia. Pigo la kwanza lilivunja kikombe. La pili liliangusha sufuria. La tatu lilimpata mende, na la nne na la tano yalikuwa ya hofu tu.

"Baba, wewe huogopi kitu," alisema binti, akihema.

Jabali aliketi juu ya kigoda, jasho likimchuruzika. Angeweza kunyamaza, jina lake likabaki safi. Lakini aliona kwamba siri hiyo ikiendelea kufichwa, wema wa mama yule nao unafichwa pamoja nayo.

"Naogopa sana, mwanangu," alisema. "Mama yako naye alikuwa akiogopa. Kaa nikwambie."

Binti alicheka hadi akalishika tumbo, kisha akalia, kisha akaomba asimuliwe tena ile ya povu na taulo.

Wiki ya pili akajifungua salama mtoto wa kike. Jabali aliporudi kazini na habari hiyo, waashi walikusanyika kwenye kivuli cha ukuta wakati wa chai wakampongeza. Yeye akaweka kikombe chini, akasema ana jambo jingine, wacheke wakitaka, lakini wajue alikuwa ameoa mtu wa namna gani. Akawasimulia tangu bafu hadi barazani.

Walicheka kweli, mmoja akamwagikiwa na chai. Alipofika kwenye mkeka na soksi, kicheko kikafa chenyewe. Fundi wa nondo, mtu mwenye makovu ya moto mikononi, alikuwa akichorachora chini kwa msumari.

"Mimi naogopa mjusi," alisema bila kuinua uso. "Mke wangu ndiye anayemfukuza."

"Umewahi kumshukuru?" Jabali akamuuliza.

Mtu yule alitikisa kichwa.

"Leo ukifika nyumbani mshukuru," alisema Jabali. "Mimi nashukuru kila siku, ila wangu hanisikii."

Kengele ya kazi ikalia, wakainuka.