Kope la Bi Zuwena

Bi Zuwena alikufa bila picha, na alikufa hivyo kwa kutaka mwenyewe. Si kwamba alikosa wa kumpiga. Mtaa mzima wa Majengo siku hizi una simu, na kila mwenye simu ni mpiga picha. Lakini simu ikiinuliwa tu mbele yake, bibi huyo alivuta leso akafunika uso, akasema, "Peleka mbali shetani wako huyo." Watu walidhani ni dini. Dini ilikuwamo, lakini kidogo. Sababu yenyewe alimwambia bintiye: picha ni ya mtu anayeogopa kusahaulika, na yeye haogopi, maana amemzaa Ummulkheir.

"Atakayetaka kuniona nikishakufa," alikuwa akisema, "amtazame Ummu."

Na kweli walifanana hadi wakachosha watu. Paji lile lile pana, pua ile ile bapa, weusi ule ule usio na mjadala, na juu ya yote kope la jicho la kushoto, lililolegea likafunika nusu ya jicho. Ummulkheir alizaliwa nalo kama mamake alivyozaliwa nalo. Watoto wa shule walimwita Usingizi. Siku aliporudi nyumbani akilia, Bi Zuwena hakumbembeleza. Alimshika kidevu akamwambia, "Hiyo ni sahihi yangu. Nimetia sahihi ili asije mtu akadai wewe ni wake." Ummulkheir akakua akilipenda kope lake, jambo ambalo wasichana wenye macho mawili mazima hawakulielewa kamwe.

Bi Zuwena alipofariki, ni Ummulkheir aliyemfumba macho. Jicho la kulia lilimpa kazi. La kushoto lilikubali mara moja, kwa sababu lilikuwa limeshafika nusu ya safari.

Sasa, Ummulkheir alikuwa na ndugu mmoja, Saad. Mama mmoja, baba mbalimbali. Babake Ummulkheir alikuwa seremala wa soko la Gikomba aliyekufa mtoto akiwa bado ananyonya. Babake Saad ndiye aliyekuja baadaye. Saad aliingia katika biashara ya viatu vya mitumba, akauza kwa jumla, Mungu akamfungulia, akajenga nyumba ya ghorofa mtaa wa Komarock. Dada mtu akabaki Majengo akikaanga mahamri na kumuuguza mama. Simlaumu Saad kwa nyumba yake. Kila mtu na riziki yake.

Baada ya arubaini ya mama, Saad alikuja Majengo na mfuko wa machungwa, akakaa kwenye kitanda cha marehemu, akapumua.

"Dada, kwangu hakuna picha ya mama. Watu wakija wanaona ukuta mtupu, kama mimi niliokotwa."

"Mama hakupenda picha, Saad. Unajua."

"Najua. Lakini mwanangu Salwa anaposwa mwezi ujao. Watu wa kijana, wale wa South C, wanakuja. Hata nyanya wa bibi harusi asionekane?" Akasogea karibu. "Kuna Mugo pale barabarani, mwenye studio. Nimeongea naye. Anasema ukikaa wewe, akupige vizuri, akuongeze umri kwenye kompyuta, atatoka mama mwenyewe. Si kila mtu husema wewe na mama ni kitu kimoja?"

Angetumia njia nyingine yoyote, Ummulkheir angekataa. Lakini Saad alijua pa kumkuna. Mwanamke yule hakuwa na nyumba, hakuwa na mume tangu alipoachwa, wala hakujaliwa mtoto. Alikuwa na uso wa mamake. Kuambiwa uso huo utatundikwa mahali pa heshima na kutazamwa na wakwe kulimpanda kichwani. Tena Salwa alikuwa kipenzi chake. Alimlea Majengo hadi alipoanza shule, na hata leo msichana alikuwa akija kusukwa kwake tu. Akakubali.

Mugo alikuwa kijana mwenye mikono miepesi na deni la usingizi. Hapo Majengo walimjua kwa maajabu yake. Aliwaweka watu mbele ya bahari ambayo hawajawahi kuiona, aliwavika suti waliokuja na fulana, na kuna mama mmoja aliyemwondolea mume mzima kwenye picha ya harusi akaweka chungu cha maua.

"Mathe, kaa hapo. Tazama huku. Usismile sana, wazee hawasmile hivyo," akasema, akabofya.

Ummulkheir alikuwa amejifunga leso ya marehemu kwa namna ya marehemu, pindo moja limefichwa chini ya kidevu. Mugo alipomgeuzia kompyuta, alishika kiti. Mamake alikuwa anamtazama.

"Hapo hapo," akanong'ona. "Usiguse tena."

Mugo akacheka kwa upole. "Mathe, hii ni picha tu. Kazi bado sijaanza."

"Na picha inaishia wapi, kazi ikaanza?"

"Hiyo inategemea mwenye kulipa atasema stop wapi."

Akaanza. Akatia mvi, akatia makunyanzi, na hapa lazima niseme ukweli: kwa muda, kazi ile ilikuwa ya haki. Ummulkheir aliivuta stuli akakaa kando yake akimwelekeza. Hapana, kunyanzi hapo hakuwa nalo. Shavu la kulia liliingia ndani kidogo, kwa sababu ya magego yaliyong'olewa. Kidole cha Mugo kikitii, uso ukazidi kurudi nyumbani. Kila uongo aliouongeza uliifanya picha kuwa kweli zaidi. Saad, aliyekuwa amesimama nyuma na simu sikioni, akaikata simu. Machozi yakamlengalenga. Walikaa hivyo watu watatu katika kachumba kale, na mama yao yupo.

Kama dunia ingekuwa na adabu, ingesimama hapo.

"Iko sawa," Saad akasema akijipangusa. "Ngozi tu, Mugo, itie mwanga kidogo. Kidogo tu."

Ummulkheir akaguna, akaacha. Mwanga ni mwanga, hata taa huutia. Lakini akamgeukia ndugu yake. "Nakuomba kitu kimoja tu, Saad. Fanyeni mtakavyo, lakini kope msiliguse."

"Wallahi dada, haliguswi."

Aliapa, mkono kifuani. Ummulkheir akaenda zake kukanda unga wa kesho, roho kwatu.

Siku ya posa alifika Komarock asubuhi na mapema kusaidia kupika. Alipitia mlango wa nyuma, akaingia jikoni, akamenya vitunguu vya pilau hadi macho yakamwasha. Salwa alikuja akamkumbatia kwa nyuma, hina bado mbichi mikononi, viwiko vikiwa juu asije akaichafua. "Shangazi, naogopa," akamwambia. "Hawa watu wanauliza kila kitu. Wameuliza hata kama kuna mwenye kifafa kwetu."

"Waulize tu. Wewe huna ila hata moja," Ummulkheir akamjibu, na alisema kweli. Salwa alikuwa na macho kama ya swala.

Kisha akaenda sebuleni kupanga vikombe, na hapo akaiona.

Ilikuwa kubwa, ndani ya fremu ya dhahabu, juu ya kochi refu. Mwanamke aliyekuwamo alikuwa mzuri, hilo halina ubishi. Mweupe wa maji ya kunde, pua imechongwa, kidani shingoni, makunyanzi machache ya kiungwana. Na macho yake mawili yalikuwa wazi, sawasawa, yanang'aa. Ummulkheir alimtafuta mamake katika uso ule kama mtu anayepapasa ukutani kutafuta swichi ya taa katika nyumba asiyoijua. Hakumpata popote.

Alimkuta Saad kwenye ngazi akifunga vifungo vya kanzu.

"Nani yule?"

"Dada, si leo."

"Nakuuliza, Saad. Yule uliyemtundika ni nani?"

Saad akatazama chini, akamvuta pembeni. Naye hakuwa mtu mbaya, ndiyo maana maneno yake yaliuma zaidi. "Nisikilize. Wale watu ni wachaguzi. Mamake kijana anatafuta sababu, hamtaki msichana wa Majengo. Akiona kope kwa nyanya na kope kwa shangazi, si atasema ni la ukoo? Atasema wajukuu zake watazaliwa hivyo. Salwa atakosa mume kwa sababu ya jicho."

"Na mimi nitajificha wapi? Si langu wataliona?"

"Wewe..." Akashika kifungo cha mwisho cha kanzu. "Wewe una baba yako, dada. Sisi baba mbalimbali. Halihitaji maelezo marefu."

Ummulkheir alielewa sasa kwamba picha ile haikufanyiwa ukuta. Ilifanyiwa yeye. Babake, seremala wa watu, alikuwa na macho mawili makubwa ambayo wazee wa Gikomba waliyakumbuka hadi leo, na sasa alikuwa anapachikwa kaburini kope lisilo lake.

Kulikuwa na tumaini moja. Mama Teresiah, muuza mboga, jirani wa Bi Zuwena kwa miaka na miaka, aliyekula naye Idi na Krismasi, alikuwa amealikwa. Alipoingia na kijaluba chake cha ugoro, Ummulkheir alimshika mkono akamsimamisha mbele ya ukuta.

"Mama Teresiah. Wewe ulimjua. Huyu ni yeye?"

Bibi kizee akainua kichwa. Akatazama kwa muda mrefu.

"Ai, Zuwena wangu! Ni yeye kabisa! Tazama alivyokuwa mrembo!"

"Na kope, je? Lile kope la kushoto?"

Mama Teresiah alisita. Akamtazama Ummulkheir, akairudia picha, akamtazama tena, na mtu aliona jinsi picha ilivyokuwa ikishinda. "Kope... Si lile lilimpata akizeeka? Akiwa bado na nguvu alikuwa na macho mazuri, nakumbuka. Ndiyo, ndiyo. Nakumbuka kabisa."

Akalia machozi ya kweli, kwa mtu ambaye hakuwahi kuonana naye.

Wageni wakaja. Wanaume wakamaliza maneno yao upande wao, mahari ikakubaliwa, fatiha ikasomwa, vigelegele vikapanda hadi ghorofa ya juu. Ummulkheir alileta pilau, akaleta mbatata, akaleta maji ya kunawa. Shangazi wa bwana harusi, mama mnene mwenye sauti iliyozoea kusikilizwa, alikuwa amekaa chini ya picha. Alimshika Ummulkheir mkono alipokuwa akimmiminia maji.

"Umetuhudumia sana, dada. Wewe ni wa jirani?"

"Ni dada yangu," Saad akasema upesi kutoka mlangoni. Angalau hilo alilisema.

"Dada yako hasa? Wa tumbo moja?" Mama yule akainua uso akaitazama picha, akaushusha kwa Ummulkheir, akatua kwenye jicho. Chumba chote kikatazama pamoja naye, juu na chini, juu na chini. "Subhanallah. Hukumchukua mama hata ukucha. Na hilo jicho, maskini, ni la kuumia au ni la kwenu?"

Saad aligeukia viatu vya wageni mlangoni, akaanza kuvipanga. Wakati wa kulisema lile alilolipanga, la baba mbalimbali, ulikuwa umefika, na hakulisema. Mama Teresiah aliinama akashughulika na mfupa. Kwenye mkeka, katikati ya wanawake, Salwa alikuwa amekaa na shela lake la kijani, hina imekauka, na hakuomba kitu. Alimtazama tu shangazi yake.

Ummulkheir alikuwa na jibu. Lilikuwa tayari ulimini na lilikuwa tamu. Angesema, huyo mnayemsifu kazaliwa kwa Mugo, mama yangu nilimwosha kwa mikono hii. Angesema, mkitaka kumwona marehemu, nitazameni mimi. Maneno kumi tu, na picha ile ingeanguka ukutani bila kuguswa. Na Salwa angeanguka nayo.

Akaweka birika chini. Akapangusa mkono kwenye leso.

"La kwetu," akasema. "Lakini si la huyo. Mimi nimefuata kwa baba, na Saad ana babake."

"Aa," mama yule akasema, akaridhika. Akageuka tena kuitazama picha. "Kwa kweli marehemu alikuwa na macho. Mungu amrehemu."

"Amina," Ummulkheir akaitikia pamoja na wengine, akaenda jikoni kuleta mahamri.