Nauli ya Fundi Kuria

Meza ya chini kabisa ilianza na dau la shilingi hamsini, kule kasino ya mjini na hapa Parklands vilevile. Undugu wa kasino hizo mbili uliishia hapo.

Debra alikuwa amegawa karata kote kuwili. Kule mjini watu walitukanana mchana kutwa, wakabishania karata, wakamwagia meza soda. Lakini mtu akimalizika, aliyemla pesa alimsukumia chipu moja, kile kidude cha plastiki cha kuchezea, iwe nauli. Hakuna aliyeiomba wala kuishukuru. Chipu ilisukumwa, matusi yakaendelea.

Parklands hakuna aliyetukana. Chai ililetwa na kisahani chake. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, wateja wawili wa siku zote, Thuo na Clifford, walikaa huku na huku, mgeni katikati yao. Mmoja akipata karata nzuri, alikoroga chai. Mwenzake akaongeza dau, naye akaongeza tena, mpaka mgeni akatupa karata zake na kuacha pesa mezani. Wakibaki wawili, dau lilisimama ghafla, wakafunuliana karata kwa upole kama wachumba.

Debra aliwahi kumwambia Rachael, msimamizi, habari hiyo.

"Uliona mkono wa nani kwa mfuko ya nani?" Rachael aliuliza. "Hao ni wateja wetu. Wewe gawa tu. Barua yako ya kuajiriwa permanent iko kwa meza ya meneja, inangoja sahihi. Usijiharibie."

Tangu siku hiyo Debra alinawa mikono kila alipopata mapumziko, na bado chakula kilimshinda.

Jumapili hii aliingia Fundi Kuria, seremala wa Kabiria, ambaye Debra alimgawia karata kwa miaka miwili kule mjini.

"Debra mami! Kumbe ulihamia kwa wakubwa!" Akavuta kiti cha katikati. "Si hamsini ni hamsini tu?"

Mgawa karata haruhusiwi kumshauri mchezaji. Debra alitabasamu kwa shida, akagawa.

Kijiko kikalia kikombeni. Kuria akatupa karata. Kijiko kikalia tena. Mara ya tatu akakataa kuzitupa, akaweka chipu zake zote, na Thuo akazikumba kwa mkono uliokuwa umeshika sambusa. Clifford alicheka puani.

Kuria hakuinuka. Alitandaza kiganja mezani, akangoja.

"Guka, unangoja nini? Ugali?" Thuo akamuuliza mzee.

"Nauli."

"Nauli!" Clifford alimwaga chai kwa kicheko. "Guka, hapa si harambee."

"Mjini huwa..."

"Basi rudi mjini!"

Uso wa Kuria uliiva. Hakuwahi kuomba nauli kwa mdomo maisha yake yote. Thuo akamrushia Debra chipu moja. "Hii yako, mrembo. Umetugawia poa."

Ilitua kiganjani mwake ikiwa na mafuta. Alitakiwa kuigonga mezani na kuitia kwenye kisanduku cha bakshishi. Kumpa mchezaji chipu kulihesabiwa wizi, na kamera ilikuwa juu ya kichwa chake. Aliiwazia barua ile ya meneja. Kisha akaisukuma chipu mpaka kwenye kiganja cha Kuria.

"Fundi, nenda nyumbani," alisema. "Hawa wawili wanacheza pamoja. Akikoroga chai, ana karata. Kule mjini wanakutukana, lakini kila mtu anakula peke yake."

Thuo aliacha kutafuna. "Ati nini?"

"Debra!" Rachael alikuwa tayari anakuja. "Toka kwa hiyo meza!"

Debra akapiga makofi mara moja, akageuza viganja kuelekea kamera, kama afanyavyo kila mgawa karata anapoondoka, kuonyesha hajaficha kitu. Mafuta ya sambusa yalikuwa bado yanang'aa kwenye kidole gumba. Akayapangusa kwenye kitambaa cha kijani cha meza, taratibu, mbele yao, mpaka doa likaonekana.