Vifungo vya Koti la Marehemu

Jumatatu asubuhi, jua la Oktoba lilipokwisha kupanda juu ya mtaa wa Bombambili na bati likaanza kulia ta, ta, ta, Oliva alichovya kiwiko chake katika mtungi mkubwa akajua kwamba pombe inamponyoka. Ilipaswa kuwa na uvuguvugu wa maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Badala yake ilikuwa ya moto kuliko mwili wake, na povu limepanda mapema mno, jepesi, lenye haraka kama mwongo anayejieleza. Harufu ilikwisha kushika njia ya siki.

"Inakimbia," alimwambia Severina, jirani yake, aliyekuwa kizingitini akipepeta ulezi.

"Kesho itakuwa ya kusugulia masufuria, Mama Careen."

Hakusema kwa ubaya. Severina alikuwa akipika komoni, pombe ya nafaka ya kilabuni, tangu kabla ya miaka ya ruksa, na alijua kwamba mwezi huo hakuna mpishi wa Songea asiyemwaga. Ila hii haikuwa pombe ya kuuza. Ilikuwa pombe ya kumaliza msiba wa Kajetani, mume wa Oliva, aliyekufa kwa malaria wakati wa mvua zilizopita. Jumamosi wazee wa ukoo wa mume wangekuja kuinywa, na wakishainywa wangetamka nani anabaki na nyumba. Katika ukoo ule jambo hili lilijulikana tangu mababu: mjane ambaye pombe yake imechacha, marehemu hamtaki, na huyo hukunjiwa mkeka wake akaondoka. Ambaye pombe yake imekaa vizuri, marehemu ameridhika naye.

Oliva aliitaka nyumba ile kwa moyo wake wote, wala hakuona haya kuitaka. Matofali aliyafyatua yeye, miguu yake ndiyo iliyokanyaga udongo. Bati walilinunua kwa kiinua mgongo cha Kajetani, pale kampuni aliyoifanyia kazi ilipouzwa kwa mwenye fedha na wafanyakazi wakaambiwa waende wakajiajiri. Kabla ya bati palikuwa na nyasi, na chini ya nyasi pombe ilitulia hata Novemba. Mtaa mzima ulimpongeza Kajetani kwa bati lake. Mitungi haikuulizwa.

Alifanya yote ambayo wapishi hufanya. Aliuchimbia mtungi hadi shingoni, akamwagia mchanga maji, akauvika magunia yaliyolowa, akapepea kwa ungo. Kufika adhuhuri magunia yalikuwa makavu, yanakwaruza mikono. Jumanne alimwaga pombe yote jalalani. Kuku wa Severina walikunywa, wakalala kifudifudi katikati ya njia, na waendesha baiskeli wakawakwepa kwa adabu.

Kimea kilibaki cha kupika mara moja tu.

Alipika jioni ileile. Asubuhi, akitafuta kitu kingine cha kulowesha, macho yake yalitua nyuma ya mlango, kwenye koti la Kajetani. Lilikuwa koti jeusi, zito, la vifungo vya pembe. Kajetani alilitoa mnadani, kwenye marundo ya nguo ambazo watu waliziita kafa ulaya, na muuzaji, Swalehe, hakumficha kitu.

"Mwenyewe alikufa majira ya baridi, na baridi yake bado imo," alimwambia. "Usifunge vifungo vyote."

Kajetani alilivaa mara moja tu, kwa safari ya baiskeli ya Peramiho. Alirudi na barafu kwenye masharubu, akalitundika msumarini, akasema koti lile lina wenyewe. Tangu hapo halikuguswa.

Oliva alilivika mtungi, akafunga vifungo vyote kuanzia juu hadi chini, akaenda bombani. Aliporudi, theluji ilikuwa ikianguka chumbani, laini kama unga unaochungwa, kutoka chini ya bati mpaka juu ya mtungi. Nje bati lililia ta, ta, ta. Aliweka ndoo chini, akainama, akatega sikio kwenye shingo ya mtungi. Kimya. Pombe ilikuwa imelala fofofo.

"Umezidisha," aliliambia koti, akafungua vifungo viwili.

Theluji ikawa manyunyu. Alisubiri, akatega sikio tena. Akafungua cha tatu. Manyunyu yakakoma, ukabaki ubaridi mwembamba, ule wa Julai asubuhi, ukungu unaposhuka kutoka milima ya Matogoro na watu wakaota moto kwa mabua. Ndipo alipoisikia: plu. Kisha, baada ya kitambo, plu nyingine, ya taratibu, ya mtu mwenye hakika na safari yake.

Furaha ilimjaa Oliva mpaka miguuni. Alipiga kigelegele peke yake, akakimbia uani kumwita Severina, akarudi mbio kabla hajamwita kwa kuogopa kwamba kifungo kimelegea, akatoka tena. Severina aliingia, akatazama, akarudi kwake kuchukua sweta.

"Mchana kweupe, jua la kichwa, funga kimoja," alielekeza alipoketi. "Jioni fungua. Koti halijui saa, wewe ndiye unayejua."

Kuanzia hapo nyumba haikukaukiwa watu. Jua lilipokaza walifunga kifungo, lilipolegea walifungua, na wanawake wa mtaa walibishana juu ya kifungo cha nne kama wanavyobishana juu ya chumvi. Mwenye mtoto wa homa alimlaza karibu na mtungi. Mwenye nyanya za kuuza alizipanga ukutani. Fundi redio aliomba kuketi tu. Oliva hakuwakatalia. Alikuwa kama bi harusi, hali chakula vizuri, anacheka ovyo, na kila alipotega sikio pombe ilimjibu. Alikwisha kupanga hata mahali pa kuweka kitanda cha Careen, binti yake, akifunga shule.

Jumamosi wazee walifika wakiongozwa na Mzee Romwaldi, baba mdogo wa marehemu. Polikarp, mdogo wake Kajetani, alikuwa ametangulia. Oliva alimkuta uani akiligonga bati kwa fimbo, na futi ya fundi ya kupimia ikichungulia mfukoni mwake. Aliiona futi ile vizuri kabisa. Lakini mtungi ulikuwa tayari, na mtu mwenye mtungi kama ule hana muda wa kutazama mifuko ya watu.

"Shikamoo, baba," alipiga goti kwa Mzee Romwaldi, akampa kopo la kwanza.

Mzee alikunywa. Alifumba macho, akakaa hivyo. Kisha akasema "Aaa," akanyoosha mkono kwa kopo la pili, na ua mzima ukalipuka. Pombe ilikuwa baridi, nzito, tamu kwa nyuma, na haikuwa na uchungu hata wa kumpa mgomvi. Vijana walianza ngoma ya lizombe, vumbi likapanda, Severina akacheza na sweta lake mwilini. Oliva aligawa makopo kwa mikono miwili, akilia na kucheka, akijua kwamba Kajetani amesema na wote wamemsikia.

Mzee Romwaldi alisimama, povu likiwa bado masharubuni.

"Pombe hii tumeionja. Mimi na mvi zangu sijapata kunywa kama hii. Marehemu ameridhika."

Vigelegele.

"Ameridhika kabisa. Kwa hiyo hatuna wasiwasi kumkabidhi mdogo wake nyumba. Careen ni wa kike, ataolewa. Mama yake atarudi kwao Namtumbo. Kama Kajetani angekuwa na neno, angeichachusha."

Oliva alibaki na kopo mkononi, kwa hasira hakulitua.

"Na ingechacha je, mzee?" Severina aliuliza.

"Ingechacha angeondoka kwa aibu," alijibu Mzee Romwaldi kwa upole. "Sasa anaondoka kwa heshima."

Wazee waliona hilo ni neno la haki, wakaomba kuongezewa. Kisha ziligawanywa nguo za marehemu, kama ilivyo desturi, na koti likamwangukia Polikarp. Alilivaa palepale, akafunga vifungo vyote. Theluji ikaanza kumwangukia yeye peke yake. Aliyekaa karibu naye alisogeza kopo lake, pombe isije ikaingia maji.

Jumapili, misa ilipotoka, Oliva alifunga mzigo wake: sufuria, mwiko wa pombe, picha ya ndoa. Polikarp alikuwa amekwisha kuhamia. Alikuwa ameuvika koti mtungi uliobaki na pombe kidogo, kwa maana alikwisha kumwambia kila mtu kwamba atafungua kilabu humo ndani, kilabu cha komoni ya baridi, cha kwanza mjini. Mwanga wa mlango ulionyesha theluji ikiwa imefika magotini mwake.

Severina aliubeba mwiko, Oliva akajitwika mzigo. Walipofika barabarani walisikia sauti nyuma yao, ya mtu anayetetemeka meno.

"Shemeji! Ni vifungo vingapi?"

Oliva aligeuka na mzigo wake kichwani. Alitazama matofali, akatazama bati linalomeremeta, linalolia ta, ta, ta.

"Muulize kaka yako," alisema. "Si ameridhika?"

Polikarp aliitikia kwa kichwa, akaona ni ushauri mzuri. Alirudi ndani, akainamia shingo ya mtungi, akauliza.