Wimbo wa Kupishia Njia

Nimechoka, nalisema mapema ili mtu asinitafutie adabu humu ndani. Miaka kumi na tisa nimeolewa kijijini Matwebe, na karibu yote hiyo sikuwahi kusimama na baba mkwe wangu uso kwa uso. Wala jina lake silitaji. Kwetu Wanyakyusa mke wa mwana humkwepa mkwewe mwanamume: akija njiani unaingia kwenye migomba, unageuka, unangoja apite. Siku hizi wengi wameacha. Yeye hakuacha, na mimi hakuna aliyeniuliza.

Lakini alikuwa mstaarabu. Alikuwa mwimbaji, akialikwa kwenye harusi na misiba kutoka huku kwetu hadi Kisiba, na kila alipotoka nyumbani kwake aliimba ili nijue anakuja. Wimbo ulikuwa mmoja tu, wa ng'ombe aliyekataa kuvuka mto. Akifika mstari wa pili mimi nimeshatua ndoo na kujificha. Kwa hiyo nilimjua kwa sauti na kwa viatu.

Kisha wakaja watu wa filamu kutoka Dar es Salaam, kupiga picha zao kule ziwani Kisiba. Walitaka mzee wa kukaa mlangoni tu. Wakamsikia akiimba, wakamchukua. Akawa anaondoka miezi miwili, mitatu, anarudi na koti jipya. Hakuwahi kuwa nyota. Alikuwa mlinzi wa geti, baba bahili, mganga tapeli, mzee anayefukuzwa na mwanawe. Filamu thelathini na kitu, na leo wanaziita za zamani kwa heshima, na watu wanamkumbuka yeye kuliko wale waliotolewa picha kwenye majalada.

Mara ya kwanza kumwona ilikuwa dukani kwa Shadya, kata ya Bagamoyo pale Tukuyu mjini, duka la kanga na la kukodisha filamu. Nilikuwa nimeenda kununua uzi. Televisheni ikatoa ule wimbo wa ng'ombe, na miguu yangu ikafanya ilichozoea: nikaruka nyuma ya kaunta, nikajifunika kanga.

"Dada Prisca, una nini?" Shadya akauliza.

"Mkwe wangu anapita."

Shadya alicheka mpaka akakaa chini. "Yuko kwenye televisheni huyo! Hawezi kukuona!"

Hawezi kuniona. Hilo sikuwa nimeliwaza. Nikainua kanga kidogo, nikamtazama. Alikuwa na kovu kwenye nyusi, na macho ya mtu anayejizuia kucheka. Jackson, mume wangu, ana macho hayohayo, kumbe aliyatoa huko.

Tangu hapo kila siku ya soko nilipitia kwa Shadya. Jina nisingeweza kulitaja, nilisema tu, "Niwekee ile ya mlinzi," naye akaweka. Kuna msichana mmoja aliigiza kama mke wa mwanawe, anammiminia chai, anabishana naye mezani. Nilimwonea wivu yule msichana, sifichi. Mimi chai nilimwachia mlangoni, nikagonga kikombe kwa kijiko, nikakimbia.

Halafu nikagundua jambo. Katika kila filamu, kabla hajaingia chumba chochote, alianza kuimba akiwa nje. Huko Dar walidhani ni mbwembwe zake, wakampendea hizo, watoto wakamwiga mitaani. Mimi nilijua zilikotoka. Zilitoka kwenye njia yetu ya migombani, na sikumwambia mtu.

Mama mkwe alifariki mwaka juzi. Mwezi uliopita Jackson, ambaye ni dereva wa lori, alikuwa Tunduma kwenye foleni ya mpakani, na mzee akavimba koo, sauti ikakata. Kwa kuwa hakuweza kuimba, hakutoka tena, asije akanikuta njiani. Akajifungia kwa komeo. Ijumaa chakula kilibaki mlangoni. Jumamosi maziwa yaliganda kikombeni. Jumapili nikasikia, nikiwa nje ya ukuta, jinsi alivyovuta pumzi, nikaogopa kweli.

Nikampigia Jackson. "Mwite shangazi," akasema. Shangazi Alinanuswe, dada wa mzee, akaja na fimbo yake, akagonga, hakujibiwa.

"Basi mwache," akasema. "Na wewe usisogee hapo, mwe! Utamwaibisha mkweo."

"Atakufa, shangazi."

"Atakufa na heshima yake."

Hasira ikanipanda. Heshima hiyo nimeibeba mimi, na ndoo kichwani, na mimba tatu, kwenye matope ya mvua zetu hizi zisizokatika. Nikamwambia aende akapumzike. Nikaita bajaji ya kumpeleka hospitali, isubiri barabarani, nikaenda kukaa chini, mgongo kwenye mlango wa mzee.

Sikujua niseme nini. Tangu niolewe sikuwa nimemwambia hata neno moja. Kwa hiyo nikaimba. Sauti yangu haifai, nalijua hilo, lakini ng'ombe nilimtoa zizini nikamfikisha mtoni, nikaenda naye mpaka mwisho wa wimbo. Mstari wa pili niliupandisha sauti. Nikaanza upya, nikaupandisha tena.

Ndani kitu kikaburuzwa sakafuni. Kisha nikasikia mnong'ono, mkavu, karibu sana na sikio langu.

"Unashuka hapo."

"Nini, baba?"

"Mstari wa pili. Unashuka. Ng'ombe anatazama maji."

Nilicheka na kulia kwa pamoja. Nikauimba, nikaushusha. Akasikiliza, kisha akakohoa kwa muda mrefu.

"Mwisho wake umeujulia wapi?" akauliza. "Njia yetu ni fupi. Huwa naishia katikati."

"Kwenye filamu, baba. Dukani kwa Shadya. Nimeziona zote."

Pumzi zake zilikuwa zinakwaruza.

"Kule nilikuwa naimba kabla ya kuingia," akasema. "Ulikuwa unapisha?"

Ningeweza kumdanganya. Nilikuwa nimechoka mno.

"Hapana, baba. Nilikuwa natazama."

Komeo lilichelewa sana. Nilidhani nimemmaliza kwa aibu. Kisha likatoka, nikainuka, nikageuka, na safari hii sikujifunika. Alikuwa mfupi kuliko kwenye filamu. Nikampa bega, tukapanda taratibu kuelekea kwenye bajaji, na njia nzima niliimba mimi, ili watu watupishe.