Kosa Moja kwa Siku

Mjukuu wangu Rachel alikuja Akheri mwezi wa tatu, mvua ndiyo zinaanza, na begi moja mgongoni. Kampuni aliyokuwa anaiandikia programu mjini ilikuwa imepunguza watu, na chumba chake cha Kimandolu alikuwa amemwachia rafiki yake Naisiae. Alinikuta jikoni nachambua maharage.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba wajina. Umekonda."

"Sijakonda, ni hii suruali kubwa."

Namwita wajina kwa sababu ni wajina wangu kweli. Kwetu binti wa kwanza wa mwanao huchukua jina lako, na kijana wa kwanza huchukua jina la babu yake. Ndiyo maana kaka yake Rachel anaitwa Dismasi, kama marehemu mume wangu.

Nyumba yangu ina vyumba vinne. Tangu mzee afariki, mwaka wa sita sasa, nilikuwa natumia chumba kimoja na jiko. Redio niliiwasha asubuhi, si kwa ajili ya habari, ila kuwe na mtu anaongea. Siku ile nilifagia chumba cha pili, nikatoa blanketi lenye maua lililokuwa sandukuni, nikalianika kwenye ua wa masale mpaka harufu ya sanduku ikaisha.

Tulikula loshoro, mahindi na mtindi wa juzi. Alipomaliza akayaona madaftari juu ya kabati. Mume wangu alikuwa mzee wa kanisa mwenye mwandiko mzuri, na aliandika ukoo wote kwenye madaftari matano ya jalada gumu: nani mtoto wa nani, mama yake nani, alibatizwa lini, alioa wapi, amezikwa upande gani wa shamba, hata kama alikuwa mtu wa kucheka. Alipofariki nikaendelea mimi na mwandiko wangu wa darasa la saba.

"Bibi, mchwa wakiyapata haya?"

"Nimeyafunga na nailoni."

"Nailoni mchwa anaiona kama karanga. Nitayatengenezea tovuti. Dismasi atayasoma akiwa Mwanza, na shangazi Fransiska huko aliko."

"Kwa hiyo utakaa?"

"Nitakaa mpaka kazi iishe."

Neno hilo nililishika.

Nilimuuliza tovuti ni kitu gani hasa, akanieleza bila kunicheka. Alisema zile alizokuwa anatengeneza ofisini, kila mtu akibisha hodi, mashine inakimbia stoo, inaanza kupika upya. Yetu haina haja ya hayo. Wengi wa watu hawa wamelala, habari zao hazibadiliki. Tutapika mara moja tu, tupakue sahani zote tuziweke mezani, mgeni akija achukue yake.

"Na hiyo sufuria ya kupikia si ipo tayari madukani?"

"Zipo nyingi, na za bure. Ila zimetengenezwa kwa watu wanaoandika makala. Nikitengeneza mwenyewe, mashine italifuata daftari la Babu. Nikichukua ya watu, daftari ndilo litaifuata mashine."

Nilimwona ana akili. Hakuanza na mavumbi matupu hata hivyo. Alichukua kiunzi ambacho mafundi wenzake duniani wamekiunda kwa ajili ya kujengea tovuti kubwa, zenye milango na funguo, akakitaka kifanye kazi moja tu: kisome majina yetu, kitoe kurasa, kisha kinyamaze. Mimi nilisoma kwa sauti, yeye akaandika, kila mtu faili lake. Kisha akachora ukurasa mmoja wenye mapengo, pengo la jina, la baba, la mama, la kaburi au makazi. Mashine ikawa inachukua kila faili na kujaza mapengo.

Siku hizo zilikuwa tamu. Asubuhi mlima ulikuwa umejifunika, matone yanadondoka kwenye mikahawa, na ndani kulikuwa na mtu anauliza, "Bibi, huyu Loserian alioa wawili au watatu?"

"Wawili. Wa tatu alimkimbia kabla ya posa."

"Niandike hivyo?"

"Andika wawili. Wajukuu wake wanasali nasi kanisa la hapo chini."

Wiki ya pili, siku ya Jumatatu, alibonyeza, mistari ikakimbia kwenye kioo, akapiga makofi. "Zimetoka, Bibi! Kurasa zote kwa sekunde mbili." Akanifungulia kwenye simu yangu, akaenda kuoga.

Nikafungua ya mume wangu kwanza. Dismasi Sifaeli. Ikanijia picha ya mjukuu wangu, amevaa kofia ya kazi, na maneno chini yake: fundi wa friji, anaishi Mwanza. Nikarudi nyuma nikafungua tena. Kwenye orodha jina lilikuwepo mara mbili, na yote mawili yanakwenda kwa yule yule wa Mwanza. Mzee hakuwepo popote.

Nikaelewa kabla maji hayajaacha kumwagika bafuni. Mume wangu ni Dismasi, baba yake Sifaeli. Mwanangu ni Sifaeli, na mwanawe ni Dismasi. Mashine ilikuwa inazipa kurasa majina ya mtu na baba yake, na kwetu majina hayo yanazunguka kama ng'ombe kwenye zizi. Akija wa pili mwenye jina lile lile, anakaa juu ya wa kwanza, na wa kwanza anafutika. Mimi na Rachel hatukugongana, kwa kuwa baba yangu ni Solomoni na wake ni Sifaeli.

Nilichukua kalamu nikahesabu polepole. Watu mia mbili kumi na wanne, kurasa mia moja themanini na saba.

Rachel alitoka na taulo kichwani. "Vipi, umeona kosa?"

Nilimwangalia. Nilikuwa naona kazi imekwisha, naona blanketi linarudi sandukuni.

"Hapa kwa Tajeu," nikasema, "mwaka wa ubatizo umeandika nyuma mbele."

"Basi nitarekebisha kesho."

Nikajua namna ya kumfanya akae. Kila siku nilimpa kosa moja. Leo herufi, kesho picha imelala ubavu. Nilikuwa nayaona kumi kwa mkupuo, nayaandika kwenye karatasi niliyoiweka ndani ya Biblia, nikitoa moja baada ya chai. Wiki hiyo ya pili haijaisha nilimtolea Hans mmoja aliyefunikwa na Hans mwingine. Alishtuka, akashika kichwa.

"Jamani! Kumbe mnarudia majina mpaka ya baba?"

"Tunarudia."

"Basi nitaweka majina matatu. Hata kitambulisho cha taifa kinatosheka na matatu."

Sikusema kwamba babu wa mume wangu naye alikuwa Dismasi. Alihangaika siku nne kuniuliza babu za watu, na mimi nilikumbuka taratibu kuliko ninavyokumbuka kwa kawaida. Aliposukuma mashine tena nilihesabu nikiwa peke yangu: mia mbili na tatu. Kumi na mmoja walikuwa bado chini ya wenzao. Mzee wangu mmojawapo. Jioni nilikuwa nafungua ukurasa wake, yule fundi wa friji ananitazama, nami nafunga.

Wiki ya nne, Jumanne, tulikuwa tunamenya ndizi mshare. Simu yake ikalia, akatoka barazani ambako mtandao unashika. Dirisha lilikuwa wazi.

"Naisiae, nimesikia. Alhamisi saa mbili, nimesikia. Najua ni kazi nzuri. Lakini siwezi kuacha hivi, wewe. Bibi anaona kosa kila siku, nikiondoka itabaki imeharibika na ndicho kitu pekee alicho nacho." Akasikiliza jibu. "Basi wampe mwingine. Mwambie meneja asante."

Kisu kilibaki mkononi mwangu. Furaha ilikuwepo, siwezi kusema uongo. Ilidumu muda wa kumenya ndizi moja. Nikanawa utomvu kwa mafuta, nikaenda chumbani, nikatoa karatasi.

"Mpigie tena," nikamwambia. "Mwambie utakuja."

"Bibi, usijali..."

"Mpigie kwanza, halafu usome hii."

Hakupiga. Alisoma. Makosa arobaini na mawili, na chini yake majina kumi na moja, kila jina nimeliandika mara mbili na mstari katikati. La kwanza lilikuwa Dismasi Sifaeli Dismasi.

"Umeyaona lini haya?"

"La Babu yako, ile Jumatatu ulipopiga makofi. Ulikuwa unaoga."

Akakaa kwenye kigoda. Akaigeuza karatasi, kama vile kuna upande mwingine.

"Babu amekuwa fundi wa friji zaidi ya wiki mbili, na wewe ukanyamaza?"

"Nilinyamaza."

"Kwa nini?"

"Ulisema utakaa mpaka kazi iishe."

Nilitegemea atacheka, au atanuna. Badala yake macho yalijaa machozi, akayafuta kwa mkono wenye utomvu, akawa mweusi shavuni. "Ungeniambia tu, wajina," akasema. Hakuwahi kuniita hivyo.

"Ningekwambia nini? Acha kazi ukae na mimi?"

Nikamwambia kilichobaki. "Majina manne hayatasaidia, hata kumi. Sisi wenyewe hatutumii baba. Mtu akiuliza Dismasi yupi, tunamwambia wa Elinipenda, au wa Prisca. Tunataja mama. Na daftari lina mama wa kila mtu, umeshawaandika."

"Wamo kwenye mafaili yote?"

"Wote. Kwa hao kumi na mmoja nimehakikisha, mama hawafanani."

Akavuta kompyuta. Alifuta mstari mmoja akaandika mwingine mfupi, akabonyeza. Ndizi zilikuwa hazijaanza hata kuchemka.

"Mia mbili kumi na nne," akasoma.

Akanigeuzia kioo. Dismasi Sifaeli, wa Elinipenda. Alibatizwa hapa Akheri. Amezikwa upande wa mfereji. Mtu wa kucheka. Akampigia Naisiae akiwa amenipa mgongo.

Makosa mengine aliyamaliza Jumatano. Alhamisi alfajiri alikunja blanketi mwenyewe, akaliweka mwisho wa kitanda. Bodaboda ilimsubiri kwenye masale, begi lile lile mgongoni. Alisema atakuja Pasaka, kama wakimpa ruhusa. Nilimwambia avae koti vizuri. Niliisikia pikipiki mpaka ilipofika kwenye daraja, kisha nikasikia matone tu kwenye migomba.

Jumamosi nilikaa barazani na simu nikasoma kurasa zote, wa kwanza mpaka wa mwisho, kidole chini ya kila neno. Ilinichukua toka asubuhi hadi wakati wa kukamua ng'ombe. Nilipata makosa saba. Nilianza kuandika la kwanza ili nilitume, nikasita, nikaandika yote saba, nikayatuma kwa pamoja.

Alijibu baada ya muda mfupi. "Asante Bibi. Nimerekebisha yote."

Nikafungua, nikaangalia moja moja. Kweli ameyarekebisha. Jumapili baada ya ibada nikasoma tena kurasa zote mia mbili kumi na nne, na sikuona kosa hata moja. Kwenye ukurasa wa Rachel Sifaeli, pengo la makazi limeandikwa Kimandolu. Kwenye wa Rachel Solomoni limeandikwa Akheri. Yote mawili ni sahihi.