Gari la Majivu

Mume wangu Marselino alichora gari uani kwa majivu ya jikoni, akachora na la pili pembeni yake, kisha akaniita nije kuchagua. Nikatoka na mwiko mkononi. Miaka yote aliyofungua na kufunga karasha za kusaga mawe kule machimboni Mwakitolyo, hakuwahi kuniuliza hata rangi ya shati.

"Magari haya yanakuja vipande vipande, Mama Sikujua," akasema. "Nitaliunganisha hapa hapa uani, nati kwa nati. Hili lina siti nne. Hili siti mbili, injini iko nyuma. Mpwa wangu Pantaleo yuko mjini Kalangalala anasubiri jibu, aagize leo."

"Wewe unataka lipi?"

"Ningejua, ningekuita?"

Nikayazunguka kama wazee wanavyozunguka ng'ombe wa mahari, nikainama kutazama miguu isiyokuwapo. Sikuona tofauti. Yote yalikuwa majivu, na kuku alikwishatoboa tairi moja.

"Chagua la siti nne, dada!" jirani yangu Juliana akapaza sauti nyuma ya ua wa minyaa. "Utakaa nyuma kama bibi harusi!"

"Nyuma ni pazuri," Marselino akaunga mkono. "Mbele nitakaa na Bujiku, anielekeze njia."

Bujiku ni mdogo wake. Njia anayoijua vizuri ni ya kilabuni.

Nyuma napajua. Niliingia nyumba hii nikiwa nyuma, juu ya keria ya baiskeli, nimeshika shati lake. Kliniki ya Kolandoto nilikwenda nyuma, mimba ikiwa mbele. Kwenye mkokoteni wa ng'ombe nilikaa nyuma pamoja na magunia. Ukiniuliza sura ya mume wangu safarini, nitakueleza kisogo. Sikuwahi kuliona kuwa ni neno. Lakini asubuhi ile, mbele ya mistari ile ya majivu, nikaona: hili ndilo gari letu la kwanza na la mwisho, na mahali nitakapokaa ndipo nitakapomalizia safari.

"Tujaribu kwanza," nikasema.

Akaleta vigoda, akachukua mfuniko wa sufuria uwe usukani. Katika gari la siti nne nilikaa nyuma, nikaona kisogo. Tukahamia la siti mbili. Alipoketi, nami nikatua kigoda changu nyuma yake.

"Umekalia injini."

Juliana alicheka mpaka minyaa ikatikisika.

"Basi nikae wapi?"

"Hapa. Ubavuni kwangu."

Nikahama. Mikono sikujua niiweke wapi. Nilipogeuka nikaona shavu lake, limebonyea, na jicho linalotiririka machozi bila kilio. Lilianza lini hilo? Naye akanitazama, halafu haraka akarudisha macho mbele, kama mtu aliyefika kwenye kona mbaya.

Simu ikalia.

"Shikamoo mjomba," ilikuwa sauti ya Pantaleo. "Mmechagua lipi?"

"Marahaba. Subiri kidogo." Akaikandamiza simu kifuani, akaniinamia. Alikuwa amechanganyikiwa kuliko mimi. "Sasa Bujiku atakaa wapi?" akanong'ona.

"Kwenye injini."

Akairudisha simu sikioni. Upepo ulikuwa umeanza kuchukua majivu ya mlango wa gari. Nikanyoosha mkono nikashika shati lake, safari hii kwenye kiwiko, nikasubiri awashe gari.